Kwa nini tafiti za maoni zilikosea Bradley, Wilder na Dinkins walipogombea

Swali: Msomaji mmoja anayesomea takwimu mjini Morogoro ameandika: "Mwalimu, tumefundishwa kwamba katika chaguzi za Marekani, mgombea Mweusi akipambana na mzungu, tafiti za maoni humpa Mweusi kura ambazo kwenye sanduku hazionekani, kwa kuwa wazungu huwadanganya wadadisi. Je, ni kweli kwamba watu hudanganya? Na kama ni kweli, kwa nini watafiti wasimpunguzie tu mgombea huyo pointi chache ili utabiri wao uwe sahihi?"

Jibu: Ndugu msomaji, swali lako ni mawili kwa moja, na jibu la la pili linategemea sana tutakavyolijibu la kwanza. Naamini uongo ulikuwapo na ushahidi wake nitakuonyesha, lakini kosa kubwa zaidi la tafiti zile lilitokana na watu walionyamaza na watu ambao hawakuhojiwa kabisa, huku watafiti wakiandika matokeo kana kwamba makundi hayo mawili hayapo. Anayeamini kwamba kosa lote ni uongo atatafuta dawa ya uongo, na dawa hiyo, kama tutakavyoona, ingewapotosha watu vibaya mwaka 2008.

Tuanze na California mwaka 1982, kwa kuwa nadharia hii, iitwayo athari ya Bradley, imepewa jina la mgombea wa mwaka ule. Tom Bradley, Mmarekani Mweusi aliyewahi kuwa polisi wa Los Angeles na ambaye tangu mwaka 1973 alikuwa meya wa jiji hilo, aligombea ugavana kwa tiketi ya chama cha Democratic dhidi ya George Deukmejian wa Republican, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Tafiti za wiki za mwisho zilimweka Bradley mbele. Siku ya kupiga kura, tarehe 2 Novemba, majibu ya wapiga kura waliohojiwa walipokuwa wakitoka vituoni yalionyesha kwamba ameshinda. Mervin Field, mtafiti wa maoni aliyejulikana kuliko wote katika jimbo hilo, alisema hivyo hadharani, na matoleo ya mapema ya gazeti la San Francisco Chronicle yakachapwa na kichwa cha habari kilichotabiri ushindi wa Bradley. Kura zilipomalizika kuhesabiwa, Deukmejian alikuwa na asilimia 49.3 na Bradley asilimia 48.1. Walipishana kwa kura takriban 93,000 katika uchaguzi ambao watu zaidi ya milioni 7 walipiga kura.

Maelezo yaliyoshika kasi baada ya hapo ndiyo uliyofundishwa: kwamba wazungu walimwambia mdadisi watampigia Bradley ili wasionekane wabaguzi, kisha wakaingia nyuma ya pazia la kituo na kumpigia mzungu mwenzao. Ni maelezo mepesi kueleweka. Ila kwanza yapimwe kwa mambo mengine yaliyotokea katika uchaguzi huo huo.

Chama cha Republican kilikuwa kimefanya kazi kubwa ya kuwapelekea wafuasi wake fomu za kuomba kupiga kura kwa posta, na kura hizo zilimwendea Deukmejian kwa wingi. Ukihesabu kura zilizopigwa vituoni siku ile peke yake, Bradley alishinda. Maana yake ni kwamba wadadisi waliosimama milangoni mwa vituo waliwahoji watu ambao kweli wengi wao walimpigia Bradley; waliowakosa ni wale waliokuwa wamekwisha kupiga kura wakiwa nyumbani siku kadhaa kabla. Wakati huo huo karatasi ya kura ilikuwa na pendekezo namba 15 la kudhibiti umiliki wa bastola, ambalo liliwatoa majumbani wahafidhina wengi wa vijijini ambao mifano ya kukadiria nani atajitokeza haikuwatarajia. Pendekezo lilikataliwa kwa kishindo, na waliokuja kulikataa hawakuondoka bila kuchagua gavana. Kuna jambo jingine ambalo hutajwa mara chache nami huona ni la lazima kutajwa: siku ile ile, katika jimbo lile lile, Jerry Brown, mzungu na mwana-Democratic aliyekuwa gavana, alishindwa na Pete Wilson katika kinyang'anyiro cha Seneti kwa pengo kubwa kuliko lile lililomwangusha Bradley. Kwa hiyo kushindwa kwa Bradley si ushahidi wa ubaguzi kwa kule kushindwa tu. Lance Tarrance, aliyekuwa mtafiti wa kampeni ya Deukmejian, aliandika mwaka 2008 kwamba tafiti zake za kila usiku zilionyesha pengo likipungua hadi wagombea kukaribia kuwa sawa siku za mwisho, wakati tafiti zilizochapishwa zilikuwa bado zinampa Bradley uongozi mzuri.

Sisemi kwamba rangi haikuhusika. Bill Roberts, meneja wa kampeni ya Deukmejian, aliwaambia waandishi wa habari mwezi Oktoba kwamba anatarajia wapiga kura wengi wasiotaka gavana Mweusi ambao hawaonekani kwenye tafiti, na kauli hiyo ilimfanya aondoke kwenye kampeni. Bradley mwenyewe alikuwa ameonja jambo hilo mapema: mwaka 1969 aliongoza raundi ya kwanza ya uchaguzi wa meya wa Los Angeles, akashindwa katika raundi ya pili na Sam Yorty, meya aliyekuwa madarakani, ambaye kampeni yake iliwatia wazungu hofu waziwazi kuhusu kuongozwa na mtu Mweusi. Ninachosema ni kwamba California ya 1982, ambayo ndiyo kisa kinachosimuliwa zaidi, ndiyo yenye ushahidi dhaifu zaidi wa uongo. Ushahidi wenye nguvu unapatikana kwingine.

Mwaka 1983 Harold Washington, Mmarekani Mweusi, aligombea umeya wa Chicago dhidi ya Bernard Epton, mzungu wa Republican, katika jiji ambalo tangu mwaka 1931 halikuwa na meya wa chama hicho. Tafiti zilimpa Washington uongozi mkubwa, akashinda kwa kura takriban 48,000 tu, baada ya kampeni ambayo tangazo la Epton liliwataka wapiga kura wamchague kabla hawajachelewa, na kila mtu katika jiji alielewa wanachelewa nini. Kisha ikaja tarehe 7 Novemba 1989, siku ambayo wagombea wawili Weusi walikuwa kwenye karatasi za kura katika sehemu mbili tofauti. New York, katika uchaguzi wa meya, David Dinkins aliingia siku hiyo akiwa mbele ya Rudy Giuliani kwa zaidi ya pointi 10 katika tafiti nyingi, akashinda kwa kura 47,000 na ushei, pengo lisilofika pointi 3. Virginia, katika uchaguzi wa gavana, Douglas Wilder alikuwa akiongoza vizuri dhidi ya Marshall Coleman, na utafiti mmoja wa mlangoni mwa vituo ukasema ameshinda kwa takriban pointi 10. Alishinda kwa kura zisizofika 7,000 kati ya kura milioni 1.7 na zaidi, ikabidi zihesabiwe upya. Wilder akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuchaguliwa na wananchi kuwa gavana wa jimbo, lakini kwa tundu la sindano.

Sasa tazama tarakimu zenyewe kwa makini, maana hapa ndipo wengi wanapopita mbio. Gazeti huandika pengo kati ya wagombea, nasi tunalikumbuka pengo. Achana na pengo, uangalie asilimia ya kila mgombea peke yake. Kituo cha utafiti cha Pew kilipozipitia upya chaguzi hizi mwaka 2007 kilionyesha kwamba, katika nyingi kati yake, tafiti za mwisho zilikuwa zimekisia vizuri asilimia ya mgombea Mweusi. Wilder na Dinkins walipata kila mmoja asilimia 50 na ushei, na hapo hapo ndipo tafiti zilipokuwa zimewaweka, au karibu na hapo. Aliyekosewa ni mgombea mzungu: yeye ndiye aliyepata sanduku likiwa na kura nyingi kuliko utafiti ulivyosema. Kama wazungu wengi wangekuwa wanaahidi kumpigia Mweusi kisha wanageuka, asilimia ya Mweusi ndiyo ingeporomoka. Haikuporomoka. Kura zilizomwongezea mzungu zilitoka kwa watu ambao hawakumtaja mgombea yeyote.

Chukua mfano wa kubuni. Watu 600 wamehojiwa. Mgombea Mweusi ana asilimia 47, mzungu ana 40, na 13 wamesema hawajaamua. Taarifa ya habari itasema wa kwanza anaongoza kwa pointi 7. Kama wale 13 watagawanyika kwa uwiano ule ule wa waliokwisha kuamua, atashinda kwa 54 dhidi ya 46. Kama 10 kati yao watamwendea mzungu na 3 wakamwendea Mweusi, kila mmoja atakuwa na 50, na hapo hakuna mhojiwa hata mmoja aliyesema uongo. Ongeza kwamba sampuli ya watu 600 ina kiwango cha makosa cha takriban pointi 4 juu au chini kwa asilimia ya kila mgombea, na kwa pengo lenyewe kiwango hicho hukaribia mara mbili yake, nawe utaona kwamba uongozi wa pointi 7 wenye watu 13 walionyamaza haukuwa uongozi wa kumpa mtu usingizi.

Kwa nini wasioamua waelekee upande mmoja? Fikiria mzungu wa New York wa mwaka 1989 ambaye maisha yake yote amewapigia kura wagombea wa Democratic. Safari hii mgombea wa chama chake ni Mweusi, naye moyoni hamtaki. Akisema atampigia Giuliani, anajihisi kuwa ametoa sababu ambayo hakuulizwa. Akisema atampigia Dinkins, atakuwa amedanganya, na watu wengi hawapendi kudanganya hata wanapozungumza na mgeni kwenye simu. "Bado sijaamua" ni jibu la heshima, halimwaibishi, wala si uongo kamili. Mwanasayansi ya siasa Adam Berinsky alilichunguza jambo hili akilinganisha majibu ya watu kuhusu suala la kuwachanganya watoto Weusi na wazungu shuleni, na pia uchaguzi huo wa New York, akaonyesha kwamba waliojibu "sijui" walifanana, kwa mambo mengine yote wanayojulikana nayo, na wale waliokuwa wakipinga. Utafiti uliowatupa nje ya hesabu ulikuwa unawatupa nje wapinzani, na waliobaki wakaonekana kuwa wakarimu kuliko wananchi walivyokuwa. Kwangu mimi hili ndilo funzo kubwa la chaguzi zile kwa mwanafunzi wa takwimu: wasiojibu si kipande cha wastani cha jamii, na suala likiwa la aibu, ukimya wao una mwelekeo.

Uongo nao ulipimwa, na ulipimwa vizuri zaidi kule Virginia kuliko mahali pengine popote. Katika utafiti mmoja wa simu kabla ya uchaguzi wa Wilder, baadhi ya wadadisi walikuwa Weusi na baadhi wazungu. Steven Finkel, Thomas Guterbock na Marian Borg walipoyachambua majibu, walikuta kwamba wazungu waliohojiwa na mdadisi Mweusi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa pointi 8 hadi 11, wa kusema watampigia Wilder kuliko wazungu waliohojiwa na mzungu mwenzao. Tafakari hilo, kisha kumbuka kwamba mhojiwa hakumwona mdadisi. Alimkisia kwa sauti tu. Dodoso lilikuwa moja, swali lilikuwa moja, na jimbo lilikuwa moja. Kilichobadilika ni mtu aliyeuliza. Ule utafiti wa mlangoni uliompa Wilder ushindi wa pointi 10 nao ulitumia mahojiano ya ana kwa ana, mpiga kura akitamka jibu lake mbele ya mgeni, badala ya kumkabidhi karatasi ajaze mwenyewe na kuitumbukiza ndani ya boksi.

Wala si wazungu peke yao wanaobadilika mbele ya mdadisi. Watafiti waliozichambua tafiti za kitaifa za uchaguzi za Marekani walikuta kwamba Wamarekani Weusi wasiopiga kura walikuwa wepesi zaidi kudai kwamba walipiga ikiwa aliyewahoji alikuwa Mweusi mwenzao. Huku kwetu Afrika jambo hili linajulikana pia: uchambuzi wa takwimu za Afrobarometer, mradi wa tafiti za maoni barani Afrika, kutoka nchi 14 ulionyesha kwamba wahojiwa hutoa majibu tofauti kwa mdadisi wa kabila lao na kwa mdadisi wa kabila jingine, hasa kwenye maswali yanayogusa mambo nyeti. Kabila si rangi, na historia za nchi hizo si historia ya Virginia, hivyo nakusihi usiyahamishe matokeo ya huku kwenda kule. Ila kanuni moja ya kazi inabaki: anayeuliza ni sehemu ya swali, na utafiti usioeleza wadadisi wake ni akina nani umeficha nusu ya dodoso.

Utauliza basi, tunawezaje kujua mtu anaficha nini ikiwa kila swali la moja kwa moja linazaa haya? Zipo mbinu, na moja ninaipenda kwa sababu inamlinda mhojiwa. James Kuklinski na wenzake waliitumia miaka ya 1990. Sampuli inagawanywa mara mbili kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza linasomewa mambo matatu ambayo yanaweza kumkasirisha mtu: serikali kupandisha kodi ya petroli, wanamichezo kulipwa mamilioni, makampuni makubwa kuchafua mazingira. Mhojiwa haambiwi ataje yapi yanamkasirisha. Anaombwa aseme ni mangapi tu. Kundi la pili linasomewa mambo hayo hayo matatu na la nne likiongezwa: familia ya watu Weusi kuhamia nyumba ya jirani. Tuseme wastani wa kundi la kwanza ni 2.0 na wa kundi la pili ni 2.3, tofauti ya 0.3 ina maana kwamba takriban asilimia 30 wanakasirishwa na jambo la nne, na mtafiti mwenyewe hawezi kujua ni akina nani, isipokuwa aliyesema yote manne. Kwa njia hiyo Kuklinski na wenzake walipata hasira kubwa zaidi miongoni mwa wazungu wa majimbo ya Kusini kuliko ile iliyokuwa ikijitokeza katika maswali ya kawaida. Udhaifu wa mbinu hii ni kwamba inahitaji sampuli kubwa, na haiwezi kukupa utabiri wa siku tatu kabla ya kura. Inakuonyesha tu ukubwa wa kilichofichwa.

Kabla sijaendelea na miaka ya karibuni, nataka uone kisa kimoja ambacho kinaiweka rangi ya mgombea mahali pake. Mwaka 1990 jimboni Louisiana, David Duke, kiongozi wa zamani wa Ku Klux Klan, kikundi cha wazungu wabaguzi, aligombea Seneti dhidi ya J. Bennett Johnston. Wote wawili walikuwa wazungu. Tafiti zilimpa Duke kura kidogo sana, lakini alipata takriban asilimia 44, na wengi wa wazungu wa jimbo hilo walimpigia. Hapa hapakuwa na mgombea Mweusi wa kumwonea haya mtu yeyote. Kilichofichwa kilikuwa kura ambayo mpiga kura aliona aibu kuitamka. Ndiyo maana siungi mkono maelezo yanayosema kwamba tafiti hukosea kwa sababu mgombea ni Mweusi. Hukosea pale ambapo jibu moja kati ya mawili limekuwa la aibu mbele ya mgeni. Rangi ni njia moja ya kufika hapo, na katika Marekani ya miaka ile ilikuwa njia kuu.

Je, hali hiyo ilidumu? Hapana, na hili ni jambo ambalo vitabu vingi vya darasani havijalifikia. Mwanasayansi ya siasa Daniel Hopkins alikusanya takwimu za chaguzi 180 za ugavana na Seneti za miaka 1989 hadi 2006, akakuta kwamba wagombea Weusi kweli walipata chini ya walichopewa na tafiti, lakini mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 tu. Baada ya hapo athari hiyo haionekani tena. Aliangalia pia wagombea wanawake, na kwao hakuikuta katika kipindi chochote. Alionya vilevile kwamba mgombea anayeongoza, wa rangi yoyote, huelekea kupewa na tafiti zaidi ya atakachopata, na kwa kuwa wagombea Weusi waliotazamwa sana ni wale waliokuwa wakiongoza, sehemu ya kile kilichoitwa athari ya rangi ilikuwa athari ya kuongoza. Sababu anayoipa uzito ni mazingira ya siasa: wakati uhalifu na misaada ya serikali kwa maskini vilipokuwa ndiyo hoja kuu za kampeni, na hoja hizo zilibeba sura ya mtu Mweusi katika vichwa vya wazungu wengi, mgombea Mweusi aliadhibiwa kimyakimya. Hoja hizo zilipopoa baada ya katikati ya miaka ya 1990, adhabu ile ilipungua. Mwaka 2006 Harold Ford, Mmarekani Mweusi, aligombea Seneti jimboni Tennessee, jimbo la Kusini, akashindwa na Bob Corker kwa chini ya pointi 3, na tafiti hazikuwa zimempendelea.

Kisha ukaja mwaka 2008 na Barack Obama. Tarehe 3 Januari alishinda Iowa, na siku tano baadaye New Hampshire ikapiga kura za mchujo, zile za chama cha Democratic kumchagua mgombea wake wa urais. Wastani wa tafiti ulimpa Obama takriban asilimia 38 na Hillary Clinton 30. Clinton alishinda kwa 39 dhidi ya 36 na kitu. Usiku ule ule jina la Bradley likarudi kwenye televisheni. Ukitumia njia niliyokuonyesha, utaona umbo linalofanana na la 1989: asilimia ya Obama ilikisiwa karibu sawa, na iliyokosewa ni ya Clinton. Mtu anaweza kusema hapo kwamba basi sababu ni ile ile. Lakini umbo la kosa halitoshi kutaja chanzo chake, kwani wapiga kura wanaoamua dakika za mwisho kwa sababu yoyote ile huacha umbo hilo hilo. Jumuiya ya watafiti wa maoni ya umma ya Marekani iliunda kamati chini ya Michael Traugott, ambayo ilizipitia tafiti hizo na kutoa ripoti mwaka 2009. Haikukuta ushahidi wa maana kwamba wazungu walimficha mdadisi. Ilikuta kwamba waliopatikana kwa shida, waliohitaji kupigiwa simu mara nyingi, walimpenda Clinton zaidi, na watafiti waliomaliza kazi kwa haraka hawakuwafikia. Na kwamba siku mbili za mwisho zilikuwa na mabadiliko ambayo tafiti zilizokwisha kufungwa hazingeweza kuyaona. Jina la Clinton lilikuwa juu kwenye karatasi ya kura na la Obama lilikuwa chini, jambo ambalo kwa wapiga kura wasio na uhakika huwa na uzito.

Wiki mbili na ushei baadaye, South Carolina ikaonyesha kinyume chake kabisa. Tafiti zilimpa Obama uongozi wa pointi kumi na kitu; alishinda kwa 55 dhidi ya 27. Wamarekani Weusi walikuwa zaidi ya nusu ya waliopiga kura katika mchujo huo, na mifano ya kukadiria watakaojitokeza ilikuwa imewahesabu kwa uchache. Kosa la kutojua nani atakuja kituoni lilimkuza Bradley kwenye tafiti mwaka 1982, na hapa likampunja Obama kwenye tafiti.

Sasa nijibu sehemu ya pili ya swali lako. Katika miezi ya mwisho ya 2008 wachambuzi wengi walikuwa wakijadili ni pointi ngapi za Obama zihesabiwe kuwa hewa. Wastani wa tafiti za siku ya mwisho ulimpa uongozi wa takriban pointi 7.5 dhidi ya John McCain, na alishinda kwa pointi 7.3. Aliyempunguzia pointi 5 au 6 kwa kumbukumbu ya California alijitengenezea kosa ambalo utafiti haukuwa nalo. Hilo ni upande wa hesabu. Upande mwingine unaniuma zaidi: makato ya namna hiyo si kitu kisicho na madhara, kwa sababu chama kinachochagua mgombea na mfadhili anayeamua ampe nani fedha huzisoma tafiti hizo hizo. Mgombea Mweusi anayeongoza kwa pointi 4 akihesabiwa kuwa yuko nyuma kwa pointi 2, atanyimwa fedha na huenda atanyimwa tiketi, kwa jina la wabaguzi ambao hakuna aliyewahesabu, na asiposhinda, kushindwa kwake kutaongezwa kwenye ushahidi.

Badala ya kukata, mtafiti hufanya kazi ya kuziba mianya yenyewe. Humpa mhojiwa njia ya kujibu bila kutamka, kama karatasi ya kujaza au dodoso la kwenye intaneti. Huwagawa wadadisi kwa bahati nasibu na kulinganisha majibu kwa kila kundi la wadadisi kabla ya kuchapisha chochote. Huwafuata waliokataa na wasiopatikana mara ya kwanza. Huwauliza wasioamua maswali ya ziada kuhusu chama wanachokipenda na walivyopiga kura zamani, kisha huwagawa kwa majibu hayo, wala hawatupi nje ya hesabu. Hulinganisha sampuli yake na sensa kwa rangi, umri na elimu. Hii ya mwisho ilisahauliwa na tafiti nyingi za majimbo mwaka 2016, zikawa na wenye shahada wengi kupita kiasi, na mara nyingine tena watu wakakimbilia kutafuta wapiga kura waongo, safari hii wa Donald Trump, ilhali ushahidi wa uongo huo ulipotafutwa ulionekana kuwa hafifu.

Kwa hiyo utakapofanya zoezi la darasani kuhusu uchaguzi wa namna hii, nakushauri uandike asilimia za wagombea katika safu mbili, ya utafiti na ya sanduku, uongeze safu ya wasioamua, kisha uandike pembeni waliohojiwa kwa simu au ana kwa ana, na tarehe ambayo mahojiano yalifungwa. Ukiwa na Virginia 1989 na New Hampshire 2008 kwenye ukurasa mmoja, utaona maumbo mawili yanayofanana, na kazi yako itakuwa kumwonyesha mwalimu ni safu ipi inayokuruhusu kusema kwamba vyanzo vyake ni tofauti.